Dume Mweupe na Waya wa Umeme

Mara ya kwanza kupigwa na umeme mkali nilikuwa Bunda, likizo ya mwezi wa sita, dukani kwa shangazi yangu. Shangazi aliuza spea za pikipiki, na mbele ya duka palikuwa na kibanda cha bati ambapo fundi alitengeneza bodaboda za watu. Kazi yangu ilikuwa kupanga pulagi na taa kwenye rafu, na nikimaliza nilikwenda kumwangalia fundi. Siku hiyo pikipiki ya mtu ilikuwa haiwaki. Fundi akachomoa ule waya mnene mweusi unaoingia kwenye pulagi, akanipa niushike karibu na injini ili aone kama unatoa moto. Hakuniambia niushike wapi. Nikashika pale nilipoona panafaa, yaani penye chuma. Akapiga kiki.

Namna nilivyoruka siikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba nilijikuta nimekaa juu ya rundo la matairi, mkono mzima unawaka kama niliyegonga kiwiko kwenye kona ya meza, na mwenye pikipiki ananitazama kwa uso wa huruma huku mabega yanamtikisika kwa kicheko. Shangazi alitoka ndani, akaniuliza kama namwona vizuri. Nikasema namwona. Akaniuliza nina miaka mingapi. Nikamjibu kumi na sita. Akasema basi nipo mzima, kisha akamgeukia fundi na kumsema mpaka yule mwenye pikipiki akaacha kucheka.

Mimi lakini nilikuwa nimeshaanza kuwaza. Betri ya pikipiki nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeshika vichwa vyake vyote viwili kwa mikono mara nyingi, wala sikuwahi kusikia chochote. Sasa umeme ule ule mpole ulipitia wapi hata ukatoka na hasira namna ile? Nikamuuliza fundi. Akanionyesha kidude cheusi kilichofungwa chini ya tangi, akasema hiyo ni koili, ndiyo inayokuza umeme. Nikauliza inaukuzaje. Akafikiri kidogo, akasema kwamba yeye hajawahi kuifungua, na kwamba nikimaliza shule nije nimwambie.

Shule zilipofunguliwa nilirudi nyumbani Butiama na swali langu. Nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa mwanamke kijana, mrefu, tuliyemwita madamu kama tulivyowaita walimu wote wa kike, na alikuwa na tabia moja niliyoipenda: ukimuuliza jambo lisilo kwenye somo la siku hiyo, hakasiriki. Aliniambia mada hiyo ni ya kidato cha nne, kisha akachukua chaki akanieleza palepale. Ndani ya koili, alisema, kuna nyaya mbili zimezungushwa kwenye chuma kimoja. Mmoja ni mnene na umezungushwa mara chache. Mwingine ni mwembamba kama unywele na umezungushwa mara maelfu. Umeme mdogo unapita kwenye ule mnene, na ukiukata ghafla, ule mwembamba unapiga kelele. Ndivyo alivyosema, unapiga kelele, na mimi niliyekwisha kuisikia kelele yenyewe kwenye kiwiko nilimwelewa kuliko darasa zima.

Hapo ndipo inabidi niseme habari za dume.

Jirani yetu alikuwa kiongozi wa kwaya ya kigango chetu. Hatukuwa ndugu wa damu, ila baba yangu na yeye walikuwa wamekua pamoja, kwa hiyo mimi nilimwita baba mdogo na mkewe nilimwita mama mdogo. Alikuwa mtu mnene wa sauti nzito, mpole, na alikuwa na ng'ombe kadhaa wa kawaida na dume mmoja asiye wa kawaida. Alikuwa mweupe wote isipokuwa masikio, na nundu yake ilikuwa kubwa kama mtungi. Watu walileta ng'ombe wao mpaka kutoka Nyamuswa ili wapandwe naye. Baba mdogo alimpenda dume yule kwa namna ambayo mkewe alikuwa anaisemea wazi mbele za wageni.

Na dume naye alikuwa anapenda bustani ya mama yangu. Baba alikuwa dereva wa lori, nyumbani anakuja na kuondoka, hivyo bustani ile ilikuwa ya mama peke yake: kabichi, nyanya, sukuma wiki na tuta refu la viazi vitamu. Mama alizungushia miiba. Dume akaisukuma kwa pembe kama mtu anayefungua pazia. Mama akaweka mlango wa mbao wenye komeo. Dume akajifunza kuinua komeo kwa pua. Baba mdogo alijaribu kumfunga kamba kwenye kigingi, na dume akaja bustanini na kamba na kigingi vyote, akala marando ya viazi huku kigingi kinaburuta nyuma yake.

Kila baada ya uharibifu baba mdogo alikuja mwenyewe na jagi la maziwa, amevua kofia, akaomba radhi. Mama aliyapokea maziwa, kwa sababu huwezi kumfukuza kiongozi wa kwaya mlangoni kwako. Lakini siku moja alimwambia, kwa sauti ya heshima kabisa, "Shemeji, maziwa tunakunywa na tunashukuru. Ila mimi nilipanda kabichi."

Nilikuwa nimekaa jikoni nachambua dagaa. Nilimwangalia dume kupitia dirishani, amesimama ng'ambo anacheua kabichi zetu kwa utulivu, na wazo lilinijia zima, kama mtu aliyekuwa ananisubiri mlangoni.

Kesho yake nilimweleza madamu kwamba nataka kutengeneza uzio wa umeme kwa koili. Aliweka chaki chini. Kisha akanipa masharti. La kwanza, nisiguse kamwe umeme wa ukutani, niutumie wa betri tu. La pili, umeme ule usikae kwenye waya mfululizo. "Unatakiwa ugonge mlango na kuondoka," aliniambia. "Ukiingia ndani na kukaa, huo ni wa kuua." La tatu, mama yangu aambiwe kabla sijaunganisha hata waya mmoja.

Sharti la tatu ndilo lililonipa shida. Mama alinisikiliza mpaka mwisho huku anapepeta mchele. Akauliza kama utaua ng'ombe. Nikasema hautaua, unatisha tu. Akauliza kama utaunguza nyumba. Nikasema betri itakaa nje, kwenye kibanda cha kuku. Akapepeta tena kidogo. Akasema, "Ukiunguza banda la kuku, utalala na kuku." Nikahesabu kwamba hiyo ni ruhusa.

Vifaa vilitoka kwa shangazi. Nilimpigia simu nikamwambia nahitaji koili ya gari, siyo ya pikipiki, kwa maana ya gari ina nguvu zaidi, na flasha, kile kidude kinachofanya taa za kukatia kona ziwake na kuzima. Flasha ndiyo iliyokuwa mgongaji wangu wa mlango: ingewasha na kukata, kuwasha na kukata, bila mimi kuwepo. Shangazi hakuuliza maswali. Nyuma ya duka lake kulikuwa na pikapu bovu lililokaa juu ya matofali miaka mingi, mali ya mtu aliyelisahau au aliyejifanya amelisahau, na baada ya siku chache alinitumia kifurushi kwa basi. Ndani mlikuwa na koili yenye kutu, flasha mbili, na pakiti ya biskuti. Juu ya koili alikuwa ameandika kwa kalamu nene: USISHIKE PENYE CHUMA.

Niliijenga mashine yangu juu ya kipande cha ubao. Betri ilikuwa ile ya sola yetu, iliyowasha taa za nyumbani na kuchaji simu. Mama aliniruhusu kuitumia mchana tu, na hilo halikunisumbua, kwa sababu usiku dume alikuwa amefungiwa zizini kwa baba mdogo. Siku ya kwanza niliyounganisha, flasha ilianza kulia tik, tik, tik, na kwenye ncha ya waya niliouelekeza kwenye msumari, cheche ya rangi ya zambarau ikaruka. Ilikuwa nyembamba na ndefu kama ukucha wa kidole gumba, na kila ikiruka ilikuwa inatoa mlio kama mtu anavunja kijiti kikavu. Nilichuchumaa pale kwenye banda la kuku nikiitazama mpaka miguu ikafa ganzi. Hata sasa, na nimeona mitambo mikubwa, sijaona cheche nzuri kama ile.

Kuku nao walitazama kwa mbali. Walikataa kutaga siku mbili.

Nikaendelea kuiboresha kila jioni baada ya shule, na Jumapili mchana baada ya misa. Jumapili moja nimo kwenye kazi, baba mdogo akaja uani kwetu na redio yake kwapani. Nilikuwa najulikana mtaani kama mtoto anayefungua vitu, na mara nyingine anavifunga. Nikamwamkia, akaitikia, akasema redio yake imepata ugonjwa. Alikuwa amekaa na wazee wenzake wa kwaya wanasikiliza mpira, na kila wiki sasa, saa zilezile, redio inaanza kukohoa. Siyo yake tu. Ya jirani wa pili pia, na ya mwenye kibanda cha chipsi. Walikuwa wameshakubaliana kwamba tatizo lipo kituoni, Dar es Salaam, ila yeye akaona aje anionyeshe kwanza.

Akaiwasha. Mtangazaji alikuwa anapanda sauti, mshambuliaji yupo ndani ya boksi, na kila neno lilikatwa katikati: tak, tak, tak. Nikasikiliza. Kisha nikasikiliza flasha yangu bandani. Zilikuwa zinakwenda pamoja kama miguu ya askari kwenye gwaride.

Nilikwenda bandani nikachomoa waya wa betri. Nyuma yangu redio ikanyooka, safi, mtangazaji anaeleza jinsi mpira ulivyotoka nje. Niliporudi baba mdogo alikuwa ananitazama kwa mshangao wa mtu aliyeona mgonjwa anaponywa bila kuguswa.

"Umeifanya nini?" akauliza.

"Siyo redio, baba mdogo," nikamwambia. "Ni mimi. Kituo cha Dar es Salaam hakina shida."

Nikampeleka bandani nikamwonyesha. Nilimwambia yote, hata kwamba mashine ile imetengenezwa kwa ajili ya dume wake. Nilidhani atakasirika. Yeye akachuchumaa, kwa shida kwa sababu ya tumbo, akaomba niwashe nimwonyeshe cheche. Nikawasha. Akaitazama kwa muda. Akaniuliza kama itamuumiza ng'ombe. Nikamweleza kama nilivyoelezwa, kwamba unagonga mlango na kuondoka. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akachukua redio yake, akasema nikiwa tayari kuuweka kwenye bustani nimwite kwanza.

Madamu ndiye aliyenisaidia kumaliza kelele za redio. Alisema kila cheche ni redio ndogo isiyo na adabu, inayotangaza kwenye kila stesheni. Akanipa kapasita moja kutoka kwenye sanduku la maabara, akaniambia niifunge kwenye flasha na mashine yote niifunike kwa bati lililounganishwa na ardhi. Bati nililolipata lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga. Haikunyamaza kabisa, lakini kibanda cha chipsi walirudi kusikiliza mpira kwa amani.

Uzio wenyewe ulinichukua muda kuliko mashine. Nilitumia ule waya laini mweusi wanaofungia nondo, na nguzo za miti iliyokatwa karibu na makorongo. Waya haukutakiwa kugusa mti, maana mti ukilowa umeme unashuka ardhini na kupotea. Kwa hiyo nilikata shingo za chupa za plastiki na vipande vya ndala zilizochakaa, nikavipigilia kwenye kila nguzo, na waya ukapita juu yake. Mama alikuwa ananipitia na jembe begani, akisema bustani yake imevaa ndala nyingi kuliko watoto wake. Mvua ya kwanza ilinionyesha mahali nilipokosea: kwenye nguzo ya pembeni cheche ilikuwa inarukia kwenye jani la mhogo, tak, tak, na jani lilikuwa limeshaanza kuwa jeusi. Nikakata jani. Nikazika nondo ya ardhi karibu na mahali mama alipokuwa anamwaga maji ya kuoshea vyombo, ili udongo usikauke, na uzio ukawa tayari.

Nikamwita baba mdogo. Alikuja Jumamosi asubuhi na mama mdogo, na nyuma yao wanakwaya kadhaa waliokuwa wametoka mazoezini, kwa sababu habari ilikuwa imeshasambaa. Mama alisimama mlangoni pa jiko akijifuta mikono. Nilianza kueleza jinsi inavyofanya kazi, lakini baba mdogo akaniinulia mkono.

"Mwanangu," akasema, "hii ng'ombe yangu siwezi kuiacha ionje kitu ambacho mimi sijaonja."

Mama akamwambia, hapana shemeji, haina haja. Mama mdogo akasema mwacheni. Nikamwambia basi abaki na viatu vyake, kwa sababu soli inapunguza makali. Akanitazama, akainama, akavua viatu, akavipanga pembeni.

"Ng'ombe haivaagi viatu," akasema.

Ardhi ilikuwa bado mbichi na mvua ya jana yake. Akasogea, akasafisha koo kama anavyofanya kabla ya kuanzisha wimbo, akanyoosha kidole kimoja, akagusa.

Baba mdogo aliimba besi tangu alipobalehe, wanaume wa nyumba yao wote ni besi. Sauti iliyomtoka asubuhi ile ilikuwa noti moja ya juu, nyembamba, safi, isiyotetereka, na ilikatika pale umeme ulipokatika. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akatazama kidole chake pande zote mbili. Ni mama mdogo, aliyekuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza, aliyetangulia kusema. Akasema kwamba miaka yote hii mumewe amekuwa akiwagombeza wanawake wapandishe sauti, kumbe sauti yenyewe alikuwa nayo, ameificha.

Tulicheka mpaka mama akakaa chini kwenye kinu. Baba mdogo mwenyewe alicheka kuliko wote, ameshika tumbo. Kisha akavaa viatu vyake, akafunga kamba vizuri, akaniambia, "Inatosha. Itaelewa."

Dume alikuja Jumatatu mchana. Tulikuwa tumetoka shule mapema na nilikuwa barazani, nikajifanya nasoma. Alikuja kwa mwendo wake wa siku zote, bila haraka, kama mwenye mali anayekagua mali. Akafika kwenye waya, akaunusa. Pua yake ilikuwa imelowa. Flasha ikapiga tik.

Sijaona ng'ombe mzito akiruka hivyo. Miguu yote minne iliacha ardhi kwa pamoja, na aliposhuka alishuka amegeukia upande mwingine. Hakulia. Alisimama akapumua, masikio yamesimama, kisha akageuza kichwa pole pole akautazama waya, akatazama nyumba yetu, akatazama njia aliyojia. Akaondoka kwa mwendo uleule wa taratibu, ila safari hii nilikuwa na hakika anaigiza.

Hakurudi tena kwenye waya. Alikuwa anafika mpaka umbali wa mtu mmoja aliyelala, anasimama, anavuta harufu ya viazi, anaondoka. Kabichi zilikua. Mama aligawia nusu ya mtaa, na kubwa kuliko zote alimpelekea baba mdogo kwake, bila maneno, kwenye ungo.

Nilijiona mhandisi. Nilitembea shuleni kifua mbele kwa wiki kadhaa. Kisha baba mdogo akaja tena nyumbani, na safari hii alikuwa amevua kofia.

"Mwanangu, umenifundishia ng'ombe vizuri kupita kiasi," akaniambia.

Ilikuwa siku ya kwenda joshoni, ambako ng'ombe wanaogeshwa dawa ya kupe. Ili kuingia joshoni ng'ombe hupita kwenye njia nyembamba iliyozungushiwa nyaya pande zote. Dume alifika pale, akaziona nyaya, akasimama. Wakamvuta, hakwenda. Wakamsukuma, hakwenda. Ng'ombe wa watu wengine walijaa nyuma yake mpaka barabarani, na wenye ng'ombe wakaanza kumuuliza baba mdogo maswali ambayo kiongozi wa kwaya hawezi kuyarudia. Mwishowe alirudi nyumbani na dume ambaye hajaogeshwa. Na siyo josho tu. Alikuwa anakataa kupita chini ya kamba ya kuanikia nguo. Alikuwa anazunguka mbali ili asikaribie kipande cha waya kilichoanguka njiani.

Hilo sikuwa nimeliwaza. Kwangu dume alikuwa tatizo la bustani. Sikuwa nimefikiri kwamba ana kumbukumbu, na kwamba atatoka na kumbukumbu hiyo kila aendako.

Tulikubaliana kumfundisha upya, baba mdogo na mimi, jioni baada ya shule. Tulitumia chumvi. Siku ya kwanza tulilaza waya mtupu chini, usiounganishwa na kitu, baba mdogo akashika kamba ya dume upande mmoja, na mimi nikakaa upande wa pili na chumvi kiganjani. Nikiri kwamba maisha yangu yote nilikuwa namwogopa dume yule. Sasa tulikuwa tunaogopana. Alinyoosha shingo mpaka nikadhani itakatika, akitaka kuifikia chumvi bila kuusogelea waya, na mimi nilinyoosha mkono vivyo hivyo, nikitaka aifikie bila mimi kumsogelea. Baba mdogo alisema tunafanana kama mapacha.

Ilikuwa siku ya tatu au ya nne alipoinua mguu mmoja, akauweka ng'ambo ya waya, akangoja. Hakikutokea kitu. Akaleta wa pili. Ulimi wake ulipogusa kiganja changu ulikuwa kama msasa wa moto, na jicho lake lilikuwa karibu na uso wangu, kubwa, jeusi, limejaa tahadhari. Nilimwambia pole. Sijui kama baba mdogo alisikia.

Ikabaki shida moja: akiacha kuogopa nyaya zote, atarudi kwenye kabichi. Madamu ndiye aliyependekeza alama. Waya wenye umeme uwe na kitu cha kuonekana, na usio na umeme usiwe nacho. Mama mdogo akanipa majoho mawili ya kwaya yaliyochakaa, meupe, nikayachana vipande virefu nikavining'iniza kwenye uzio wa bustani wote. Dume akaja, akavitazama, akagusa mara moja tu kuhakikisha, akapata jibu. Tangu hapo alikuwa anajua. Wenye kitambaa cheupe ni wa kuheshimiwa, mwingine wowote ni waya tu. Joshoni akapita kama bwana harusi.

Ila kwaya ya kigango nayo ilikuwa inavaa majoho meupe. Jumapili ya matawi, watu wanaandamana kwenda kanisani na matawi mikononi, kwaya mbele inaimba, tukakutana na dume katikati ya njia, ametoka zizini mwenyewe. Miaka yote alikuwa anasimama njiani na watu ndio wanaomzunguka. Aliiona kwaya inakuja, safu nzima, nyeupe, inapepea. Akashuka mwenyewe mpaka kwenye shamba la mtu, akasimama kando na kuinamisha kichwa mpaka mwisho wa maandamano ulipopita. Wageni waliotoka Musoma walisema hawajawahi kuona ng'ombe mcha Mungu namna ile. Baba mdogo aliendelea kuimba, lakini besi yake ilikuwa inatetemeka.

Uzio ule ulidumu misimu miwili. Nilipomaliza kidato cha nne, kikundi cha wakulima wa Nyegina walisikia habari zake wakaniita. Wao shida yao ilikuwa viboko wanaotoka ziwani jioni na kula mpunga. Nilikwenda na baba mdogo, aliyejitolea kunisindikiza na kuwa shahidi. Tulifunga waya kando ya mashamba siku nzima, kwa mashine mpya niliyoitengeneza vizuri zaidi, yenye transista badala ya flasha.

Asubuhi tulikuta waya umekatika na nyayo za kiboko zimepita katikati. Alikuwa amepigwa, hilo lilionekana, kwa sababu nyayo zilibadilika zikawa za mnyama anayekimbia. Tatizo ni kwamba alikimbia kwenda mbele. Wakulima hawakukasirika. Walisema mwaka huo ni mara ya kwanza kiboko amepita mpungani bila kusimama kula.

Walitupikia furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa ugali wa udaga, unga wa mihogo iliyovundikwa, tukakaa chini kwenye mkeka karibu na maji, na mimi nikaanza kuwachorea kwa kijiti mchangani mahali pa kuweka waya wa pili, ulio juu kidogo, usawa wa macho yake. Baba mdogo aliniuliza kiboko ana macho urefu gani kutoka chini. Hakuna aliyekuwa na uhakika. Mkulima mmoja akasimama, akaonyesha kwa kiganja karibu na mbavu zake. Mwingine akasema hapana, ni chini ya hapo, yeye amewahi kumwona kwa karibu. Wakaanza kubishana, na tukaendelea kula.